Mpimeni Kwanza

Ndugu yangu, kama nyumbani kwenu kuna mtu asiyetembea, asiyesema, asiyejilisha wala kujigeuza kitandani, maneno haya umeshaambiwa: "Huyu ndivyo alivyo."

Umeambiwa na daktari. Umeambiwa na nesi. Umeambiwa na kijana wa maabara ambaye hata sindano hajaishika. Nawe ukainamisha kichwa, ukamfunika mgonjwa wako kanga, ukatafuta bajaji ya kukurudisha nyumbani.

Mimi nimechoka kuinamisha kichwa.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, hewa ikakosekana, ubongo ukaumia. Leo ni mtu mzima, ndevu zimemjaa kidevuni, lakini mwili umekakamaa, mikono imejikunja, hasemi, na kifafa anacho tangu utotoni. Hayo nayajua. Nimelala nayo chumba kimoja miaka yote. Siendi hospitali kuambiwa kwamba mdogo wangu ni mlemavu. Naenda kwa sababu leo ana homa. Leo anakohoa. Leo hali chakula. Leo amelia usiku kucha na jana hakulia.

Lakini ninayemkuta nyuma ya meza anaiona ile mikono iliyojikunja, anauliza "Ana nini?", na kabla sijamaliza kujibu amekwisha kujijibu mwenyewe. Ndivyo alivyo.

Sivyo alivyo! Jana hakuwa hivi. Mimi ndiye niliyekuwa naye jana, si wewe daktari.

Nikupe kisa kimoja, upime mwenyewe. Kuna kipindi mdogo wangu alikuwa akipiga ukelele kila kijiko kikigusa midomo yake. Alikuwa anajipiga shavu kwa ile ngumi yake iliyokakamaa, upande wa kulia, kila mara upande uleule. Akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Tukampeleka. Hospitali ya kwanza wakasema kifafa kimezidi, wakaongeza dawa. Akawa analala mchana kutwa, akiamka anajipiga shavu. Hospitali ya pili wakasema watu wa namna hii huwa na hasira, wakamwandikia dawa ya kumtuliza. Akatulia. Yaani hakuwa tena na nguvu ya kupiga kelele.

Hakuna hata mmoja aliyemfungua mdomo.

Aliyemfungua mdomo ni nesi wa zamu ya usiku, mama wa makamo, aliyekuwa anapita tu na ndoo ya maji. Alisimama, akamtazama anavyojipiga, akaiweka ndoo chini. Akanawa mikono. Akawasha tochi ya simu, akamwinamia, akamwambia, "Mwanangu, hebu mama aone." Akamkanda taya kwa vidole viwili, taratibu, mpaka taya likalegea. Gego la chini, kulia, lilikuwa limeoza mpaka kwenye ufizi. Pembeni yake jipu limeiva, usaha unavuja.

Jino! Jino, msomaji! Maumivu ambayo wewe yakikupata saa nne asubuhi, saa tano uko kwenye kiti cha daktari wa meno na ofisini umeshaaga. Yeye aliyabeba wiki baada ya wiki, akapewa dawa za kichwa, akaitwa mtu wa hasira. Jino liling'olewa, akapewa antibayotiki, akala. Hasira ikaisha palepale.

Sasa niambie: ulemavu gani ulikuwa unamwumiza mdogo wangu? Ulemavu wake, au wa wale waliomtazama bila kumwona?

Mbuzi kilema akiugua jicho, mfugaji hutibu jicho. Hasemi "huyu ni kilema" akamwacha apofuke. Mfugaji hakusoma chuo kikuu. Inakuwaje aliyesomeshwa miaka mitano kwa kodi zetu ashindwe?

Usidhani kisa changu ni cha pekee. Kaa kwenye benchi lolote la kliniki, muulize mama aliyempakata mtoto wa namna hii. Atakusimulia juu ya sikio lililotoa usaha kwa miezi wakasema ni tabia ya kuchezesha kichwa. Atakusimulia juu ya nyonga iliyochomoka, mtoto analia kila anapobadilishwa pampasi, na jibu ni lilelile. Juu ya tumbo lililojaa choo cha wiki mbili mpaka mtoto anatapika. Ndivyo alivyo. Ndivyo alivyo. Ndivyo alivyo.

Na watu hawa wanakufa. Tuseme wazi, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Mtu mwenye mtindio mkali wa ubongo mara nyingi hauawi na mtindio wa ubongo. Huuawa na nimonia, kwa sababu koo halifungi sawasawa anapomeza, na uji au mate yanateremka mapafuni. Huuawa na degedege lisilokatika, kwa sababu dawa ya kifafa ilikosekana. Huuawa na utapiamlo. Huuawa na kidonda cha kulalia kilichoanza na wekundu mdogo kiunoni, kikachimba hadi mfupa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho tiba yake haijulikani. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Desemba 2022 likisema wapo watu wenye ulemavu wanaokufa hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu, na sehemu kubwa ya sababu ni huduma wasiyopewa, si miili waliyozaliwa nayo.

Miaka 20! Mtoto anazaliwa, anasoma, anamaliza sekondari katika miaka hiyo. Ndiyo tunayowanyang'anya ndugu zetu, kidogo kidogo, benchi hadi benchi.

Na tukizika tunasema nini? Tunasema "amepumzika". Mwenyekiti wa mtaa anasema amepumzika, shehe anasema amepumzika, mchungaji anasema amepumzika. Hakuna anayeuliza alikufa kwa nini. Angekufa kijana mzima wa miaka ishirini kwa nimonia, mtaa mzima ungetaka kujua kwa nini hakupewa oksijeni. Akifa mlemavu, cheti cha kifo kinaandikwa haraka na chai inamiminwa.

Dawa ya kifafa niliyoitaja, fenobabitoni, ni miongoni mwa dawa za bei rahisi kabisa duniani. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi maskini robo tatu ya wenye kifafa hawapati tiba wanayoihitaji. Unafika dirishani, unaambiwa imekwisha, kanunue nje. Nje wapi, saa hizi? Dawa hii ukiikatiza ghafla, mgonjwa anaweza kuingia kwenye degedege lisilokatika akafia njiani. Anayekuambia "njoo wiki ijayo" analijua hilo? Kama halijui, anafanya nini dirishani? Na kama analijua, tumwite nani?

Halafu kuna habari ya uzito. Dawa hizi mara nyingi hupimwa kwa kilo, si kwa umri tu. Mdogo wangu ana umri wa kupiga kura na uzito wa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mzani wa hospitali ni wa kusimama, yeye hasimami. Basi wanamkadiria. Wanamtazama wanasema "weka hamsini". Hamsini! Nyumbani tunampima hivi: nampakata, napanda mzani naye, nasoma, namlaza, napanda peke yangu, nasoma, natoa. Ni hesabu ya darasa la tatu. Nimewaonyesha manesi hesabu hiyo kwenye korido, na wengine wameshukuru kwa dhati. Lakini kwa nini niwe mimi ndiye ninayeifundisha?

Najua utakavyonijibu. Utasema hospitali zetu zina wagonjwa wengi na madaktari wachache. Nakubali. Nimewaona madaktari vijana wakisinzia wima saa kumi za usiku, na sina chuki nao. Lakini kutazama mdomo hakuhitaji mashine kutoka Ujerumani. Kuweka sikio kifuani hakuhitaji bajeti ya nyongeza. Yule nesi wa ndoo hakuwa na kifaa chochote zaidi ya simu yake na vidole vyake. Alichokuwa nacho ni kwamba alimwona mtu anaumwa.

Na utajiri peke yake hauponyi ugonjwa huu. Uingereza wana kila mashine unayoijua. Mwaka 2007 shirika la Mencap lilitoa ripoti ya vifo vya watu sita wenye ulemavu wa akili waliofia mikononi mwa huduma ya afya ya taifa lile. Miongoni mwa sababu ni ileile niliyoiona mimi: wapo waliolia, wakaonekana wanalia kwa sababu ya ulemavu wao. Machi 2020, korona ilipopamba moto, ukatolewa mwongozo wa madaktari kukadiria nani apewe nafasi ya wagonjwa mahututi kwa kipimo cha udhaifu wa mwili, yaani mtu anayehitaji kusaidiwa kula na kuvaa anashuka foleni. Familia na vyama vya watu wenye ulemavu wakapiga kelele. Mwongozo ukarekebishwa ndani ya siku chache.

Siku chache tu, ndugu yangu, kwa sababu watu walipiga kelele. Sisi tunanong'ona miaka nenda miaka rudi.

Kama hujaamka bado, njoo Afrika Kusini. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni vilivyokuwa vinawatunza wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Ilitaka kubana matumizi. Watu zaidi ya 1,300 wakahamishwa, wengi wakapelekwa kwenye vikundi visivyo na leseni halali, visivyo na wauguzi, visivyo na chakula cha kutosha. Ndugu walionya mapema. Walikwenda hadi mahakamani kabla watu hawajahamishwa. Hawakusikilizwa. Watu 144 wakafa. Wapo waliokufa kwa njaa na kiu, katika nchi yenye hospitali kubwa kuliko zetu. Wapo dada waliotafuta kaka zao kituo hadi kituo na kuwakuta mochwari.

Unajua nani aliyeufanya ulimwengu ujue? Si waziri. Ni hao dada, hao kaka, hao mama. Walikataa kuambiwa "amepumzika". Wakambana mkubwa wa afya wa jimbo kwa maswali, mwaka 2018 jaji mstaafu Dikgang Moseneke akaamuru serikali iwalipe fidia, na Julai 2024 mahakama ikatamka kwamba viongozi wawili wa juu wa idara ile wanaweza kubeba lawama ya vifo tisa kati ya hivyo. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sisi wafiwa tumekaa kimya, tunategemea nani aanze?

Rudi nyumbani Tanzania. Sheria tunayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 25 inataka mtu mwenye ulemavu apewe huduma ya afya ya kiwango kilekile anachopewa mwingine, na inakataza kumnyima mtu matibabu, hata chakula na maji, kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na ndani yake sisi ndugu tunatajwa kuwa na wajibu wa kumhudumia ndugu yetu. Vizuri. Nimeukubali wajibu huo kabla sheria haijaniambia. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Lakini ninapofika mapokezi na huyo ninayewajibika kwake, naulizwa: "Wewe ni nani wake? Mzazi yuko wapi?"

Baba amekufa. Mama magoti yamegoma, hapandi hata ngazi ya baraza. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayejua kwamba akikunja uso kushoto ana njaa na akikunja kulia anaumwa. Fomu ya kuruhusu upasuaji inanitazama kama mpita njia. Nilipotaka kumwingiza kwenye bima ninayochangia kazini, fomu ilikuwa na nafasi ya mume, ya mtoto, ya mzazi. Ya mdogo wangu hapana. Nikauliza, nikaambiwa ameshavuka umri. Ameshavuka umri wa nini? Wa kuugua?

Umri huo ni kitanzi kingine. Akiwa mtoto, kliniki ya mazoezi ya viungo ilimpokea, daktari wa watoto alimjua kwa jina. Alipofikisha miaka 18 akahamishiwa wodi ya wakubwa, ambako hakuna anayemjua, kitanda hakina kingo, na mazoezi yamekwisha. Mwili wake haukusoma kalenda. Misuli iliendelea kukaza. Mgongo uliendelea kupinda. Mtoto mwenye ulemavu anaonewa huruma. Akiota ndevu huruma inakwisha, na haki hajawahi kupewa.

Halafu msamaha. Kuchangia gharama za matibabu kulipoanza mwaka 1993, kuliambatana na ahadi: asiyejiweza atasamehewa, hatarudishwa mlangoni. Ahadi hiyo ipo mpaka leo kwenye sera. Sasa ijaribu. Barua ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji yuko kikaoni. Picha pasipoti. Muhuri. Ustawi wa jamii hospitalini, ofisi imefungwa, ofisa yuko semina. Ukipata, barua ni ya safari hii tu. Safari ijayo anza upya, uthibitishe tena kwamba mtu aliyezaliwa na mtindio wa ubongo bado anao. Ulemavu ni wa kudumu, barua ni ya muda! Na baada ya mihuri yote, msamaha unasamehe ada ya kumwona daktari, dawa haipo, kanunue nje.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Niliifurahia, sitaficha, na wasio na uwezo wametajwa humo. Lakini kadi itanifikisha kwenye meza ya daktari. Haitamnyanyua kitini aje amguse mdogo wangu. Hilo halimo kwenye kadi yoyote.

Na hata fedha tunazozigawa, tazama tunampa nani. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huitenga kwa makundi maalumu, 2 ni za watu wenye ulemavu, na ni mikopo, ili wafanye biashara. Jambo jema kwa fundi cherehani mwenye kiti cha magurudumu. Mdogo wangu atafungua duka gani? Jirani zetu Kenya, pamoja na matatizo yao, kupitia mpango wa Inua Jamii wanatoa shilingi 2,000 zao kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni kidogo, lakini wamekiri kwamba watu kama yeye wapo. Sisi tunapomfikiria mtu mwenye ulemavu, tunamwona yule anayepanda jukwaani kutoa hotuba. Asiyeweza kupanda jukwaani hayumo hata kwenye hesabu ya huruma zetu.

Sasa nifike pale panaponichoma kuliko pote.

Kuna mwaka alishikwa na nimonia mbaya. Midomo ilibadilika rangi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kitanda cha wagonjwa mahututi kilikuwepo. Daktari akanivuta pembeni, kwa upole, sauti ya chini, akaniambia: "Dada, tuwe wakweli. Hata akipona, anarudi kwenye maisha gani?"

Anarudi kwenye maisha yake!

Anarudi kwa mama anayemwimbia kila jioni. Anarudi kwenye mkeka wake chini ya mwembe, ambako watoto wa jirani humwekea kandanda redioni naye hucheka kabla hata goli halijaingia, kwa sababu anajua sauti ya mtangazaji inapopanda. Anarudi kwangu. Nani alimpa daktari kazi ya kupima kama maisha ya mtu yana thamani? Alisomeshwa kupima mapafu. Apime mapafu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wala hujui raha yake.

Tulisimama mlangoni mimi na mjomba, tukasema hatuondoki, na atakayetuondoa aandike kwenye faili kwamba mgonjwa huyu amenyimwa kitanda kwa sababu ni mlemavu, aweke na sahihi. Hakuna aliyetaka kuandika. Aliwekewa oksijeni. Alipewa dawa za mshipani. Akapona. Yupo, asubuhi hii amekula uji na amekunja uso kwa sababu haukuwa na sukari ya kutosha.

Umeona? Kosa ambalo mtu hathubutu kuliandika, anajua ni kosa.

Na sasa wewe, msomaji. Wewe unayesoma na kutikisa kichwa. Wewe uliyemweka dada yako chumba cha uani, wageni wakija unafunga pazia. Wewe unayesema "kazi ya Mungu haina makosa" ili usiende kudai dawa. Mungu hakufunga dirisha la dawa. Mungu hakumwambia daktari asifungue mdomo. Unamsingizia Mungu makosa ya watu, halafu unaita uvumilivu.

Wewe unayekuja kutupa pole na kutuambia, "Mungu angemchukua tu, apumzike, nanyi mpumzike." Nani alikuambia amechoka? Ulimwuliza? Mimi ndiye niliyechoka, na kilichonichosha si yeye. Nimechoka na nyinyi.

Mnalala kwa sababu mnadhani si yenu. Hujafa hujaumbika, ndugu yangu. Bodaboda moja ikikugonga leo pale mataa, kesho wewe ndiye utakayelazwa bila kauli, na mtu atasimama miguuni pa kitanda chako atazame faili, aseme ndivyo alivyo. Malaria ikipanda kichwani kwa mwanao, uti wa mgongo, manjano kali ya kichanga, uzazi uliochelewa: milango ya kuingilia nyumba yetu ni mingi na hakuna unaobishwa hodi. Utataka nani akupiganie, kama wewe leo humpiganii yeyote?

Kwa wizara sina orodha ndefu. Atakayethibitishwa kuwa na ulemavu mkubwa wa kudumu apewe msamaha wa kudumu. Ndugu anayemlea aruhusiwe kumwandika kwenye bima yake na kutia sahihi fomu ya upasuaji. Dawa ya kifafa isikosekane zahanati. Na wanafunzi wa udaktari na uuguzi wapelekwe kwenye nyumba zetu kabla hawajapewa makoti meupe, wakae siku nzima na mtu asiyesema, wajifunze anavyosema.

Lakini wizara haitaamka kwa makala. Itaamka kwa mlango unaokataa kufungwa. Kwa hiyo sikiliza. Utakapompeleka tena ndugu yako, usikubali kukaa kiti cha mwisho. Sema alivyokuwa jana na alivyo leo. Omba atazamwe mdomo, masikio, kifua, tumbo, nyonga na ngozi ya mgongo. Omba apimwe uzito, na ukiambiwa mzani ni wa kusimama, panda naye. Kisha muulize daktari swali moja, kwa heshima, usoni: "Kama angekuwa mzima, na ana dalili hizihizi, ungefanya nini?" Akikujibu, mwambie afanye hilo. Asipokujibu, mwambie aandike.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hatuombi muujiza, hakuna anayetaka mdogo wangu asimame atembee. Tunataka homa yake iitwe homa, jino lake liitwe jino, na mapafu yake yatibiwe kama mapafu ya mtu yeyote aliyeingia kwenye geti lile siku ile.

Na wakikuuliza wewe ni nani wake, waambie ni ndugu yake, na kwamba huondoki hapo kabla hajapimwa.